Muulize Mjomba: Sinema ni raha, lakini gharama yake je?

Mwezi huu barua tatu kati ya zilizofika zinahusu sinema, na sinema ndiyo kazi iliyonilisha ujanani hapa Tanga. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kuna mtoto anasubiri jibu.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora. Mkubwa yuko darasa la sita, wa pili la tatu, wa mwisho ana miaka mitatu. Kila likizo ya Juni nawapeleka Dar kwa dada yangu, Sinza. Safari hii mkubwa ameshika kauli moja: anataka kuona picha kwenye jumba la sinema, si kwenye simu. Baba yao, anayefanya biashara ya samaki pale Deep Sea, hataki kusikia. Ametupigia hesabu: nauli ya watu wanne kwenda na kurudi 160,000, tiketi nne 48,000, bisi na soda 30,000, bajaji 10,000. Jumla 248,000. Anasema akiongeza kidogo anapata televisheni mpya, na picha yenyewe itakuja kwenye king'amuzi baada ya miezi michache. Nimekosa la kumjibu. Kweli ni upotevu wa pesa? — Mama Watatu, Makorora

Marahaba mwanangu. Msalimie sana baba watoto. Mtu anayekaa chini akahesabu kabla ya kutoa pesa ni wa kushukuriwa. Ila nauli ameibebesha sinema bure. Umesema mwenyewe kila Juni mnakwenda kwa dada yako, picha iwepo isiwepo. Hiyo 160,000 ni ya kumwona ndugu, itoe kwenye hesabu. Inabaki 88,000.

Sasa mtoe na huyo wa miaka mitatu, abaki na mama yake mkubwa pale Sinza. Simtengi. Sauti ya ukumbini ni kubwa mno kwa masikio yake, giza litamtisha, na picha ikifika patamu wewe utakuwa nje kwenye korido unambembeleza. Tiketi zinakuwa tatu, 36,000. Bisi nunua ndoo moja kubwa mle wote, na chupa za maji, tuseme 15,000. Bajaji 10,000 iache ilivyo. Jumla 61,000. Mwambie baba watoto mjadala uanzie hapo.

Juu ya hizo bisi, ngoja nimweleze jambo ambalo yeye kama mfanyabiashara atalielewa upesi. Pesa ya tiketi haibaki yote kwa mwenye ukumbi. Sehemu kubwa, mara nyingi karibu nusu, inakwenda kwa wanaosambaza filamu, na filamu ikiwa mpya wanachukua zaidi. Mwenye ukumbi analipa umeme, kiyoyozi na wafanyakazi kwa kinachobaki, kwa hiyo faida yake anaitafuta kwenye bisi na soda. Ndiyo maana zina bei ile, na ndiyo maana kumbi nyingi haziruhusu uingie na chakula chako. Walishe watoto washibe nyumbani kwanza. Dada yako apike wali, wale ndiyo mtoke. Mtoto aliyeshiba bisi anaitafuna kwa raha tu, na ndoo moja inawatosha.

Hapo tumemaliza pesa. Lakini swali lako lilikuwa kama ni upotevu, na hilo haliishii kwenye hesabu.

Mimi nilikuwa mwendesha mashine, enzi mji huu ulipokuwa na Majestic, Novelty na Regal. Chumba cha mashine kilikuwa juu, nyuma ya balkoni, na joto lake Mungu ndiye anayelijua. Mashine zilikuwa mbili, zimesimama ubavu kwa ubavu, kila moja na taa yake ya kaboni. Kaboni ni vijiti viwili. Unavigusanisha ncha, unavitenganisha kidogo, na moto mweupe unasimama katikati yake, mwanga usiotazamika kwa macho matupu. Vijiti vinalika vikiwaka, kwa hiyo mkono mmoja hauachi kuvisogeza. Mkanda unapita picha 24 kwa sekunde, na rili moja kubwa inakwisha kwa dakika kama 20. Ukiwa na picha ya Kihindi ya saa tatu, unajua usiku huo hukai. Rili ikikaribia kwisha, kwenye kona ya juu kulia ya pazia kinatokea kidoa, kufumba na kufumbua kimepotea. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde chache baadaye kinatokea kidoa kingine, na hapo hapo unafunga huku, unafungua kule. Ukifanya sawasawa, hakuna hata mtu mmoja chini aliyejua. Ukichelewa, pazia linabaki jeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi.

Mle chumbani kulikuwa na tundu dogo la kuchungulia, kuangalia kama picha imekaa sawa. Kupitia tundu lile nilikuwa naona visogo. Mwisho wa mwezi walikuwa wanakuja watu wa mashamba ya mkonge, na mshahara bado mbichi mfukoni. Walikuwepo wapagazi wa bandarini, akina mama wa Chumbageni na watoto mapajani, karani wa serikali na mkewe kule juu balkoni. Watu ambao mchana wasingekaa meza moja. Ikifika mahali pa kuchekesha, visogo vyote vinatikisika kwa pamoja. Ikifika mama kwenye picha anampoteza mwanawe, unasikia kamasi zinavutwa kutoka ukumbi mzima, wanaume kwa wanawake. Kihindi wengi hawakukijua hata neno. Waliokijua kidogo waliwanong'oneza jirani, na jirani akamnong'oneza wa pili yake.

Mwanangu, hicho ndicho kinachonunuliwa kwa tiketi. Picha yenyewe ataiona kwenye king'amuzi, baba yake hajakosea. Lakini hataiona pamoja na watu mia wasiomjua, wote wamenyamaza kwa wakati mmoja kwa sababu wote wamepatwa na hofu moja. Na hataweza kuisimamisha. Nyumbani mtoto ana rimoti. Pakichosha anaruka, akiitwa kuoga anasimamisha, umeme ukikatika ndiyo basi tena. Ukumbini picha haimsubiri mtu, inabidi aifuate yeye. Watoto wetu wamezoea kila kitu kiwasubiri wao, na nikiona mtoto wa darasa la sita ameomba mwenyewe akae saa mbili aangalie jambo moja tu, moyo wangu unafurahi sana.

Raha hiyo iliondoka Tanga taratibu. Kanda za video ziliingia miaka ya themanini, zikafunguliwa kumbi ndogo za mitaani, watu wakaanza kukodi kanda na kuangalia sebuleni. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Vilipoanza, familia zilizokuwa zikivaa vizuri Jumapili kwenda picha zikabaki nyumbani. Siwalaumu, maana ni nafuu, na mama anapumzika. Lakini kuna vijana wengi mji huu, watu wazima kabisa, ambao hawajawahi kukaa kwenye giza moja na umati wakacheka pamoja.

Kwa hiyo jibu langu: wapeleke. Mara moja kwa likizo inatosha, na ufanye hivi.

Chagua picha inayohitaji ukumbi. Yenye bahari, milima, wanyama, mbio, vita vya angani, ndiyo ya kulipia. Ya watu wanaozungumza sebuleni ichukue kwenye televisheni, hupungukiwi kitu. Kwa hao wako, katuni nzuri ndiyo salama zaidi, kwa sababu hadithi inaelezwa kwa macho. Na hapa uwe makini. Picha nyingi kwenye kumbi zile ni za Kiingereza, na za Kihindi zinakuja na maandishi ya Kiingereza chini. Wa darasa la tatu hatayafuata. Huko hakuna mtafsiri wa kumsimulia kama kwenye video za mitaani. Basi usiku wa kuamkia siku hiyo tafuta hadithi ya picha hiyo, wasimulie mwanzo wake kwa Kiswahili: nani ni nani, anatafuta nini, adui ni nani. Mwisho usiuseme. Wataingia wakijua pa kuanzia.

Uliza bei kwa simu kabla ya kutoka. Kumbi nyingi zina siku ya katikati ya wiki au onyesho la mchana ambalo ni rahisi zaidi, na nyinyi mko likizo, Jumanne na Jumamosi kwenu ni sawa. Ukiambiwa kuna ya miwani, ile picha inayokutokea usoni, ujue mara nyingi ina nyongeza, na kwa mara ya kwanza hamuihitaji. Beba kanga mbili. Kiyoyozi cha mle kitawatetemesha watoto waliozoea joto letu, na mtoto anayetetemeka haoni picha. Fikeni nusu saa kabla, waende chooni, wazunguke, waione ile milango. Hiyo nayo ni sehemu ya safari.

Na kama unaweza, baba yao naye aende. Ukiongeza tiketi yake 12,000 inakuwa 73,000. Akikaa katikati ya wanawe wawili, taa zikazimwa, hesabu ya televisheni nadhani ataisahau mwenyewe.

Mjomba, habari za huko. Mimi ni kijana wa Magomeni, Bagamoyo. Nina laki sita nilizoweka akiba. Nataka kuanzisha sinema ya nje, niwe naonyesha kwa projekta wikiendi, karibu na mji mkongwe. Rafiki zangu wananicheka, wanasema kila mtu ana simu, hakuna atakayetoa hata buku. Nianze vipi? — Kijana wa Magomeni

Njema kabisa, mwanangu. Wasikutishe. Hiyo kazi haikuanza leo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa sinema za mafunzo, makao yake Vugiri, kule juu Usambara, mkoa huu huu wa Tanga. Walitengeneza filamu kama 35, juu ya mmomonyoko wa udongo, minyoo, kuweka akiba posta, wakazizungusha kwa lori vijijini Afrika Mashariki mpaka Nyasaland, Malawi ya leo. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri ili kila mahali watu wasikie lugha yao. Mambo waliyoonyeshwa ni yale mtawala aliyoyataka, hilo tulijue. Lakini watu walikaa chini uwanjani usiku wakaangalia. Watu wa Bagamoyo nao watakaa, ukiwaonyesha kitu kinachowahusu.

Laki sita usiinunulie projekta. Kodi kwanza, hata kama ni kwa usiku mmoja mmoja, uone biashara inakwendaje. Ukikodi, uliza nguvu ya mwanga. Lumeni 3,000 zinatosha kwa picha ya upana wa mita tatu, ilimradi giza limeingia sawasawa. Pesa yako iweke zaidi kwenye spika. Nimeona watu wakivumilia picha hafifu usiku kucha, lakini wasiposikia maneno wanaondoka ndani ya robo saa. Jenereta iwe mbali, nyuma ya ukuta, isishindane na sauti.

Bagamoyo ina upepo wa bahari, na shuka linalopepea litaharibu kila sura ya mtu. Tafuta ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, umwombe mwenyewe kwa heshima. Ukikosa, funga turubai jeupe kwa kamba pande zote nne. Na mji mkongwe ule ni urithi, usije ukapigilia msumari kwenye jengo la kale. Anza saa mbili usiku, watu wameshaswali isha na kula. Mbele tandika mikeka ya watoto, mia tano, viti nyuma, buku. Muuza kahawa na kashata mkaribishe akae mlangoni bila kumtoza, maana wanaokuja kwa ajili yake watabaki kwa ajili yako.

Sheria usiiruke. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa vibali na kupanga filamu ipi inafaa umri gani. Nenda ukaulize kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, atakuelekeza pa kuanzia. La pili ni hakimiliki. Kuchukua filamu ya mtu kwenye flashi ukaitoza watu pesa ni wizi, hata kama kila kibanda kinafanya hivyo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu waigizaji na waongozaji wetu wamekufa njaa huku kazi zao zinaonyeshwa kila mtaa. Wewe mtafute mwenye filamu, andikianeni karatasi, mpe fungu lake la mlangoni. Wengi watakubali kiasi kidogo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba. Tena watengenezaji wako jirani. TaSUBa iko hapo hapo mjini, chuo kilichoanza 1981, kina ukumbi mkubwa na vijana wanaosomea sanaa. Nenda kawaambie una ukuta na spika, unataka kazi zao. Filamu ya Kiswahili, waliotengeneza wakiwa wamekaa mkekani na watazamaji, kisha waulizwe maswali ikiisha. Hilo simu ya mtu haiwezi kulitoa.

Kuhusu buku: usiku wa kwanza huenda wakaja wachache. Endelea kila Jumamosi, saa ile ile, mahali pale pale. Watu wanataka kujua jambo lipo, ndipo walizoee.

Mjomba, kwenye kibanda umiza chetu, kile cha kuonyeshea video hapa Ngamiani, watu wanapiga kelele mno. Wanamwonya steringi, yule shujaa wa picha, "nyuma yako! nyuma yako!", wengine wanasimulia mwisho. Mimi napenda utulivu. Ninachojiuliza, hii ni adabu kweli? — Mpenda Picha, Barabara ya 14

Anayesimulia mwisho hana adabu. Huyo amewaibia wote mliolipa, na mwenye kibanda ana haki ya kumtoa nje. Anayepokea simu ukumbini, na yule anayewasha mwanga wa simu usoni mwa jirani, nao ni hivyo hivyo.

Lakini anayemwonya steringi muache. Tangu enzi za Majestic watu wa mji huu wamekuwa wakizungumza na pazia. Adui akijificha nyuma ya mlango, sauti ilikuwa inatoka viti vya mbele na ukumbi wote unaitikia, na mimi kule juu nilikuwa najua picha imewashika. Kibanda umiza kina benchi, joto na sauti kubwa, na picha zinazopigwa mle ni za ngumi na mbio, kelele zinaendana nazo vizuri. Ukitaka utulivu, chagua saa. Mchana wa siku za kazi, vijana wakiwa kwenye shughuli zao, kibanda kinakuwa na watu wachache wanaoangalia kweli. Ongea na mwenyewe, mwambie mko watano au sita mnaotaka picha ya kufikirisha Jumatano saa tisa, mtalipa zaidi kidogo, na mlango ufungwe ikianza. Ni mfanyabiashara, na saa hiyo benchi zake ziko tupu. Ukipata nafasi ya kuchagua pa kukaa, usikimbilie mbele wala ukutani nyuma kabisa. Kaa katikati ya ukumbi au nyuma yake kidogo, usawa wa pazia. Hapo picha inaingia yote machoni bila kugeuza shingo, na sauti inakufikia sawa masikio yote mawili.